Mwaka Niliopunguza Wali

Mimi ndiye niliyemlisha. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Lushoto wana midomo, na kabla hamjasikia kwao bora msikie kwangu. Kilichompata mume wangu hakikutoka kwa mchawi wala kwa jicho la mtu. Kilitoka kwenye sufuria yangu, na nilikipakua mwenyewe huku nacheka.

Nina mgahawa mdogo karibu na stendi. Meza sita, mabenchi, jiko la kuni nyuma, na moshi ambao hauishi kwenye nguo zangu hata nifue vipi. Wali tunaupima kwa bakuli. Unajaza, unashindilia kwa mwiko, unafunika kwa sahani, unageuza, unainua bakuli, na wali unabaki umesimama kama mlima. Wateja wangu ni madereva, wapakiaji, walimu, na wakulima waliokuja na mizigo yao kutoka Shume na Kwai, na wote wanaangalia kitu kimoja tu, urefu wa ule wali. Ladha ni baadaye.

Basi jirani akafungua mgahawa ng'ambo ya barabara. Wiki ya kwanza tu mpakiaji mmoja akasimama mlangoni kwangu akaniambia, "Mama, kule watu wanashiba bwana." Kule wanashiba! Kwani kwangu walikuwa wanalamba sahani? Siku ile ile nikaenda sokoni nikanunua bakuli kubwa zaidi. Naye akanunua. Mimi nikaanza kutoa ugali wa nyongeza bure. Yeye akaweka chipsi pembeni ya wali, wali na chipsi kwenye sahani moja, jamani, utadhani mtu anajiandaa kufunga mwezi mzima. Mimi nikaongeza chapati. Tulishindana hivyo miaka, na kila mmoja wetu alijiona ana huruma na watu. Mteja akitoka kwangu bila kulegeza mkanda, mimi nilikuwa naona aibu.

Msinicheke haraka. Mimi nimezaliwa Kwai, kwenye nyumba ya watoto tisa, na tulikula kwenye sinia moja. Wale wanaopenda kusema zamani tulikula vizuri, tulikula makande na magimbi, tulikuwa na afya zetu, sijui wanazungumzia zamani ya nani. Makande yalikuwepo, ndiyo. Yalikuwa yanaisha kabla mkono wako haujarudi mara ya nne. Nilijifunza kumeza bila kutafuna ili kaka zangu wasinimalizie. Mtu aliyekua hivyo, siku akipata sufuria yake mwenyewe, atapakua mpaka wali umwagike mezani. Na kwetu kumpa mgeni chakula kidogo ni kumwambia aondoke. Sahani ya mume ndiyo kabisa, watu wanaisoma. Wakiiona ndogo wanajua ndani ya nyumba ile hakuna amani.

Mume wangu alinioa akiwa mbeba mbao huko Shume. Alikuwa anatoka msituni na ubao begani hadi barabarani, anarudi, anabeba mwingine, siku nzima, kwenye ile miinuko. Mtu wa namna hiyo ukimpa bakuli mbili za wali anazimaliza na huoni zimekwenda wapi. Baadaye akapata kazi ya kuendesha gari la tajiri mmoja, anashusha mboga Tanga, mara nyingine Dar es Salaam. Karoti, kabichi, hoho, letusi. Akawa mtu wa kukaa. Anakaa kutoka hapa hadi Mombo, anakaa kutoka Mombo hadi Tanga, anarudi amekaa. Lakini sahani ilibaki ile ile ya mbeba mbao, tena ikaongezeka. Asubuhi chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, kisingizio baridi, na chapati tatu. Njiani chipsi mayai na soda. Mchana kwangu. Jioni nyumbani, tena kwangu. Akaota kitambi, na watu wakampongeza. "Mghosi, maisha yamekukubali!" wanamwambia, kwa lile neno letu Wasambaa la kumheshimu mwanamume, naye anakipigapiga kile kitambi na kucheka. Mimi nikisikia nilikuwa naongeza mwendo kwa maringo. Nani mwingine alikuwa amekitengeneza?

Na mboga je? Hapo ndipo ulipo ujinga wetu sisi watu wa milima hii. Tunalima mboga za kulisha miji, na wenyewe hatuzili. Koliflawa kwetu ni mali, na mtu mwenye akili hali mali. Letusi ni chakula cha sungura na watalii. Kabichi nzuri inapanda gari, iliyopasuka anapewa ng'ombe, halafu mwenye shamba anakuja stendi ananiagiza wali nyama na soda, mikono bado ina udongo wa karoti. Mume wangu alikuwa anabeba gari zima la mboga kila wiki na sikumbuki kumwona akitafuna hata karoti moja.

Ilianza na maji. Akawa anamaliza jagi zima mezani kwangu na kuomba jingine. Njiani anasimamisha gari kila baada ya kona chache kwenda kujisaidia. Nikasema ni vumbi, nikasema ni uchovu. Kisha gambuti likamkwaruza kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kidonda chenyewe kidogo tu, ungeweza kukifunika kwa punje ya hindi. Akapaka spiriti akaendelea na kazi. Wiki zikapita, na kile kidonda badala ya kufunga kikawa kinatanuka. Siku nilipomvua soksi nikasikia harufu, sikumuuliza kama anataka kwenda hospitali. Nilimwambia avae shati.

Daktari alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa kwanza. "Shikamoo baba, shikamoo mama," akatuamkia vizuri. Akamtoboa kidole cha mkono, akatazama kipimo, akapima tena. Akasema sukari iko juu sana, na inaonekana imekuwa juu kwa muda mrefu, ndiyo maana kidonda hakifungi. Halafu akasema wazi bila kuzunguka. Sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Na baada ya kidole, ni mguu.

Mume wangu dereva. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Akacheka kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake.

"Baba anakula nini?" daktari akaniuliza.

"Chakula," nikasema.

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Haki ya Mungu, niliuchora ule mlima hewani kwa fahari kabisa, hadi kileleni. Binti akaacha kuandika.

"Hicho ni cha siku nzima?"

"Cha mchana."

"Na mboga za majani?"

"Zipo," mume wangu akajibu, "gari zima."

Binti hakucheka. Akavuta karatasi akachora duara, akaligawa. Nusu yake mboga. Robo maharage, samaki au nyama. Robo iliyobaki ndiyo wali au ugali, tena ugali wenyewe wa dona. Soda basi, sukari kwenye chai basi, na vidonge kila siku bila kuruka. Nikaitazama ile robo. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni sahani ya mgonjwa.

"Mama," akasema kwa upole, "baba ni mgonjwa."

Nilitoka pale nina hasira na sikujua nimpe nani. Binti wa watu hana kosa. Mume wangu naye alikula alichopakuliwa. Nikabaki nayo mwenyewe, nikaibeba mpaka nyumbani.

Siku iliyofuata nikampakulia mgahawani kama karatasi ilivyosema. Akaitazama ile sahani. Kulia kwake dereva mwenzake ana mlima, kushoto kwake mwalimu ana mlima. "Mama watoto, unaniaibisha," akaniambia chini chini, akaisukuma sahani, akatoka. Na alikuwa na haki. Huwezi kumkalisha mtu katikati ya karamu halafu umwambie yeye peke yake ale kama mgonjwa. Nilikaa jikoni nikafikiri, nikainuka nimeshaamua. Hakuna tena mtu atakayekula mlima kwangu. Wote! Nikatoa bakuli dogo la watoto kabatini, ndilo likawa la wali. Nafasi iliyobaki kwenye sahani nikajaza maharage, mchicha, kabichi, karoti, majani ya maboga.

Weee! Utadhani nilimtukana mtu mama yake. "Mama, mchele umeadimika?" "Mama, hii naona ni ya kuonja, chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Mpakiaji mmoja akainua sahani akachungulia chini yake, eti anatafuta wali ulikodondokea. Dona ndiyo iliwamaliza kabisa. Wakasema shule walishamaliza, bweni hawarudi. Nikawajibu na mwiko mkononi, "Anayetaka mlima avuke barabara. Hapa tunakula chakula." Wakavuka. Kweli walivuka, mabenchi yakabaki wazi, na jirani yangu akasimama mlangoni kwake akinipungia mkono kwa furaha zake zote. Nirudishe bakuli kubwa? Thubutu!

Kama ni wateja tu ningevumilia. Lakini mume wangu akaanza kupungua, na hapa kwetu mwanamume akipungua watu wana maelezo mawili tu: ama mke wake ana roho mbaya, ama ana ule ugonjwa. Niliyasikia yote mawili kabla ya mwezi kwisha. Kanisani mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akaniambia ananiombea, kwa ile sauti ya kunisamehe. Nikamwambia aombe sana, aombe nisimzabe kibao.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Shume na hotipoti mbili. Huyu ni mama wa heshima zake, ambaye tangu niolewe sijawahi kumwinulia sauti. Nikampokea mizigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu umemfanya nini?"

Nikamweleza. Sukari, kidonda, daktari, duara. Alinisikiliza huku anafungua hotipoti. "Huyu nilimlea mimi," akasema, "na hakulala njaa hata siku moja. Sukari gani, mtu hata peremende hali?" Akampakulia ndizi za nyama, na wali juu yake, na mume wangu, mtu wa miaka hamsini, akala huku ananiangalia kwa pembeni. Nikauma meno. Mbele ya mama mkwe hunyang'anyi sahani, hata kama ndani yake kuna moto. Aliondoka siku ile, lakini hotipoti ziliendelea kuja kwa kila gari lililotoka Shume.

Kila baada ya siku mbili tulikwenda kusafisha kidonda. Mara kinaonekana kufunga, mara kinarudi nyuma. Daktari akipima, sukari iko juu. "Mama, mnafuata kweli?" Nikamwambia zile hotipoti sasa nazirudisha zilivyo, jambo lililokuwa kweli, na kwamba mume wangu anakula mbele ya macho yangu. Niliapa. Nilimkasirikia yule binti kwa kunitilia shaka, nikasema mashine yake mbovu.

Siku moja mchana mume wangu alikula kwangu, akashukuru, akaaga kwamba anakwenda kupakia mzigo. Nusu saa baadaye nilitoka kumwaga maji, nikaliona gari lake limeegeshwa nyuma ya mgahawa wa jirani, upande ambao ukiwa jikoni kwangu huuoni. Nilisimama na ndoo yangu. Moyo ulinipasuka, nasema kweli, kuliko hata ningemkuta na mwanamke.

Nikavuka barabara. Tangu afungue sikuwahi kukanyaga pale. Mume wangu alikuwa kwenye meza ya pembeni, ameupa mlango mgongo, mbele yake wali, chipsi, kuku na soda. Aliponiona kijiko kikasimama njiani. Watu wote wakageuka kutazama, na wengi wao walikuwa wateja wangu.

Wanasema nilipiga kelele. Waongo. Sikufungua mdomo. Nilipiga magoti, nikaushika mguu wake wa kushoto, nikavua kiatu, nikavua soksi, nikafungua bandeji, nikauinua mguu nikauweka juu ya benchi. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Hapo ndipo nikasema, nikimwambia jirani yangu aliyekuwa amesimama na upawa, "Haya, na hiki kipakulie. Hiki ndicho tunachokilisha sisi wote wawili."

Nilimwaibisha mume wangu? Ndiyo. Aliniambia hivyo baadaye, na ana haki, na ikibidi nitafanya tena kesho. Aligeuzia uso ukutani akalia bila sauti. Jirani yangu akaja akaiondoa ile sahani, akasimama nayo hajui aipeleke wapi. "Dada, sikujua," akaniambia. "Ningejua nisingempa." Nilimwamini. Mimi mwenyewe nililala naye kitanda kimoja na sikujua.

Kidole kilikatwa wiki ile ile. Tulikuwa tumechelewa. Daktari alisema mguu bado unaweza kupona tukiacha mchezo, na safari hii nilimwacha mume wangu aingie peke yake, mimi nikakaa nje kwenye benchi makusudi, ili asikie kwa masikio yake na asipate wa kumwachia. Jioni alikula kile nilichompa, akalamba vidole, akaomba karoti nyingine.

Miezi mingi alikaa nyumbani. Sukari ikashuka taratibu, kidonda kikafunga, akarudi kwenye usukani na kwenye klachi yake. Jirani bado anapakua milima na watu bado wanavuka kwenda kwake, lakini mume wangu akipita pale wanampa maji tu, na tunasalimiana vizuri. Kwangu baadhi ya wateja wamerudi, wengine hadi leo wananiita mama kibakuli. Waniite.

Kilichobaki kilikuwa Shume. Mtoto wa shemeji yangu alipata kipaimara, na sherehe ilifanyika kwa mama mkwe. Pilau, nyama, soda kreti kwa kreti. Kwenye nyumba ile mama huwapakulia wanawe kwa mkono wake mwenyewe, tangu wakiwa watoto mpaka sasa wana wajukuu, na hakuna anayegusa kijiko mpaka amalize kuwazunguka wote. Akafika kwa mume wangu. Upawa wa kwanza, wa pili.

"Mama, inatosha."

"Inatosha nini? Hii hata mtoto hashibi."

Akachota wa tatu. Mume wangu akaweka kiganja juu ya sahani. Mama hakusimama, au hakuwahi kuuzuia upawa, pilau ya moto ikamwangukia mume wangu mkononi. Hakuuondoa mkono. Kwetu kumfunikia mama yako sahani ni sawa na kumwambia humtaki.

"Mama," akasema, "nimebakiza vidole tisa. Navitaka vyote."

Mama mkwe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nami, niliyemwinamishia macho miaka ishirini na nane, nikamtazama hivyo hivyo, kavu. Akauweka upawa kwenye sufuria akatoka nje.

Nikamfuata. Nilikwenda kugombana, nisiseme uongo, maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nilimkuta amekaa kwenye gogo nyuma ya jiko, amevua ndala.

"Kaa," akasema. Nikakaa. Akaniuliza bila kugeuka, "Kabla ya kile kidonda, miguu yake ilikuwa inawaka moto?"

"Ilikuwa inawaka, mama. Na ganzi."

"Na maji? Alikuwa anakunywa sana?"

"Sana."

Akaitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, na kisigino cha kulia kilifungwa kitambaa ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu sikuwahi kutazama. "Mimi huu mwaka wa tatu," akasema.

Yale maneno niliyoyapanga sijui yalikwenda wapi. Lakini sauti nilimwinulia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilimwambia kesho alfajiri asinywe chai, asile hata ndizi, tunashuka hospitali akapimwe sukari. Akasema kuna vyombo vya sherehe vya kuosha. Nikamwambia vyombo vitajiosha. Akasema yeye ni mtu mzima, asipofungua kinywa anapata kizunguzungu, ataanguka njiani.

"Utaniangukia mimi," nikamwambia.